WALIOSHONA KUMBUKUMBU YA KOMPYUTA: Akina mama wasiotajwa waliofikisha watu mwezini kwa sindano na waya

Tarehe 20 Julai 1969 binadamu wawili walitua mwezini. Majina yao anayajua mpaka mtoto wa shule ya msingi: Neil Armstrong na Buzz Aldrin. Wanaofuatilia zaidi watakutajia na wa tatu, Michael Collins, aliyebaki juu anazunguka akiwasubiri wenzake.

Lakini kuna watu wengine ambao kazi ya mikono yao ilikuwa ndani ya chombo kile kile, imefungwa kwenye boksi, na hakuna anayewataja. Walikuwa akina mama wa kiwandani. Walikaa kwenye viti, wakashika sindano na waya mwembamba wa shaba, wakaishona programu ya kompyuta tundu kwa tundu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Waliishona. Programu iliyopeleka watu mwezini haikukaa kwenye diski wala flashi. Ilishonwa kwa mkono kama mtu anavyodarizi kitambaa.

Ilifikaje huko? Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, enzi ambazo kompyuta zilijua kupiga hesabu lakini hazikuwa na pa kuweka kitu.

MASHINE ILIYOKUWA INASAHAU

Kompyuta isiyo na kumbukumbu ni kama muuza duka mwenye hesabu kali asiye na daftari. Atakujibu haraka ukimuuliza saba mara nane, ila muulize nani anadaiwa mkate wa juzi, hapo ndio mwisho wake.

Ndivyo ilivyokuwa ENIAC, kompyuta maarufu ya Marekani iliyotambulishwa kwa umma Februari 1946 katika jiji la Philadelphia. Ilikuwa na valvu karibu 18,000, vile vitu vinavyofanana na balbu, na uzito wa kama tani 30. Pamoja na unene wote huo, sehemu yake ya kushikilia namba wakati inapiga hesabu ilibeba namba 20 tu. Ukitaka ifanye kazi tofauti, unachomoa nyaya na kuzichomeka upya, zoezi la siku kadhaa. Kikosi kilichojua kuipanga mashine ile kilikuwa cha wanawake sita, na siku ya kuizindua hawakutambulishwa. Hilo liweke akilini, maana litajirudia.

Wataalamu wakaanza kuumiza kichwa: namba zihifadhiwe wapi? Majibu yaliyokuja mwanzoni ukiyasikia leo utacheka.

Jibu moja lilikuwa zebaki, ile maji maji inayong'aa kwenye vipimajoto vya zamani. Ujuzi ulitoka kwenye rada za vita. Unachukua bomba lenye zebaki, namba unaigeuza kuwa mlio, unaupiga upande mmoja. Mlio unasafiri, ukitokea upande wa pili unaongezewa nguvu na kurudishwa mwanzo. Unazunguka hivyo bila kupumzika. Ni kama mtu aliyetajiwa namba ya simu na hana kalamu, anabaki anaitamka moyoni mpaka afike nyumbani. Kompyuta ya EDSAC pale Cambridge, Uingereza, ilianza kazi Mei 1949 ikitumia mabomba ya namna hiyo, kila moja na urefu wa kama mita moja na nusu. Shida yake, joto likibadilika na mwendo wa mlio unabadilika, hesabu zinavurugika.

Jibu jingine lilikuwa kioo kama cha TV ya chogo. Manchester, hapo hapo Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn waliweka namba kama vidoti vya umeme kwenye kioo. Vidoti vilififia chini ya sekunde, kwa hiyo mashine ilikuwa inavichora upya muda wote. Tarehe 21 Juni 1948 kompyuta yao, waliyoipa jina la Baby, iliendesha programu yake ya kwanza iliyokaa ndani ya kumbukumbu. Ilikuwa na biti 1,024 tu. SMS moja ya kawaida ya herufi 160 isingeenea humo.

Yaani hapo ndipo dunia ilipokuwa. Kila njia ilikuwa ya kubembeleza, na umeme ukikatika, kila kitu kinapotea.

PETE NDOGO, PESA NDEFU

Ufumbuzi ulitoka kwenye kitu kidogo sana: pete ya sumaku.

Kule MIT, Marekani, mhandisi Jay Forrester alikuwa anasimamia kompyuta ya Whirlwind, iliyotakiwa kujibu papo kwa papo, maana jeshi lilitaka kufuatilia ndege za adui. Kumbukumbu yake ya vioo ilikuwa inamtesa. Kioo kimoja kiligharimu kama dola 1,000 na kilidumu kama mwezi mmoja tu. Mwaka 1949 akaanza kufikiria vijipete vya kauri yenye sumaku, vilivyopangwa kwenye wavu wa nyaya.

Kanuni yake ni nyepesi. Pete inaweza kuwa na sumaku inayozunguka kulia au kushoto. Kulia tuseme ni 1, kushoto ni 0. Waya mmoja unapita kwa mlalo, mwingine kwa wima, na kila wanapokutana kuna pete. Ukitaka kugeuza pete moja, unapeleka nusu ya umeme kwenye waya wa mlalo na nusu kwenye waya wa wima. Pete iliyo kwenye makutano inapata nguvu kamili na kugeuka. Zile zinazopata nusu hazishtuki. Ni kama unavyomwelekeza bodaboda: barabara fulani, kona na mtaa fulani, nyumba ni ile ile moja.

Na uzuri wake mkubwa ni huu: umeme ukikatika, pete haisahau. Sumaku inabaki ilivyo.

Ilikuwepo kasoro moja. Kusoma pete ilikuwa lazima uigeuze, maana yake ukisoma umefuta. Mtu aliyelitatua hilo ni An Wang, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard. Alisema: isome, halafu hapo hapo iandike tena. Mwaka 1949 aliomba hataza, akaipata 1955, na mwaka uliofuata akaiuzia IBM kwa dola 500,000.

Whirlwind ilifungwa pete mwaka 1953. Matengenezo ya kumbukumbu, ambayo yalikuwa yanakula masaa 4 kila siku, yakashuka hadi masaa 2 kwa wiki. Baada ya hapo hakuna aliyetaka tena habari za zebaki wala vioo. Kwa miaka kama 20, kompyuta karibu zote kubwa duniani zilitumia pete.

Pesa nayo ikaanza kuongea. Mvutano wa nani mwenye haki ya uvumbuzi ulikwenda mpaka 1964, IBM ilipokubali kuilipa MIT dola milioni 13 kwa hataza ya Forrester. Majina yakaandikwa, hundi zikasainiwa, wanasheria wakala chao.

Sasa hapa ndipo swali linapokuja. Hizo pete, nani alikuwa anazipitisha kwenye waya?

MIKONO ILIYOTUNGA

Pete za mwanzo zilikuwa na upana wa kama milimita 2. Kadiri miaka ilivyokwenda zilipunguzwa, na kufikia miaka ya 1970 zilikuwa chini ya nusu milimita, ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Ubao mmoja wenye mistari 64 kwa 64 ulikuwa na pete 4,096, na kila pete ilipitiwa na nyaya tatu au nne: wa mlalo, wa wima, wa kusomea, na mara nyingi wa kuzuia. Waya wa kusomea ulipita kwa mshazari, unaruka huku na kule, na hauruhusiwi kukosa hata pete moja. Waya ukikatika au pete ikipasuka, ubao wote unarudi mezani.

Viwanda vilijaribu kutumia mashine, na baadhi ya hatua zilikubali. Lakini sehemu ngumu zilibaki kuwa za mkono kwa miaka mingi. Mkono wenyewe ulikuwa wa mwanamke, akiwa ameinamia hadubini, sindano kidoleni, anatunga pete kama mtu anavyotunga shanga.

Ukiuliza kwa nini wanawake, waajiri walikuwa na jibu lao tayari: wana vidole vyepesi, wana subira, wameshazoea kushona. Ni jibu linalofanana na sifa, ila likichunguzwa lina harufu. Mtu akikwambia unaweza kitu kwa sababu umezaliwa nacho, maana yake haoni sababu ya kukilipia kama ujuzi. Miaka ya 1960 mwanamke wa Marekani aliyefanya kazi muda wote alikuwa anapata wastani wa kama senti 60 kwa kila dola 1 ya mwanaume. Hiyo sehemu ya hadithi haikuwekwa kwenye matangazo.

Na hata hiyo ikaonekana ni ghali. Katikati ya miaka ya 1960 kazi ya kutunga pete ikaanza kupelekwa Asia, sehemu kama Taiwan na Hong Kong, kwa wanawake wengine waliolipwa kidogo zaidi. Bei ya kumbukumbu iliporomoka, kutoka kama dola 1 kwa biti moja hadi kama senti 1. Vitabu vinasema teknolojia ilishuka bei. Ni kweli, ila sehemu ya kushuka huko ilitoka kwenye mifuko ya waliokuwa wanatunga.

KAMBA YA KWENDA MWEZINI

Sasa turudi kwenye safari ya mwezi.

Kompyuta ya Apollo ilisanifiwa MIT na kutengenezwa na kampuni ya Raytheon, mji wa Waltham, jimbo la Massachusetts. Ilikuwa na uzito wa kama kilo 32. Ilitakiwa ibebe programu ambayo haiwezi kufutika kwa bahati mbaya, si kwa mtikisiko, si kwa mionzi, si kwa mwanaanga kubonyeza kitufe kisicho chake. Jawabu likawa kumbukumbu iliyoitwa kamba.

Hapa pete zilifanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Waya ukipita ndani ya pete, hiyo ni 1. Waya ukipita nje ya pete, hiyo ni 0. Basi. Programu nzima ni njia ya waya: ndani, nje, nje, ndani. Pete moja ilibeba hadi biti 192. Moduli moja ilikuwa na pete 512, na moduli zilikuwa sita. Jumla yake ni maneno 36,864 ya kompyuta, ambayo kwa vipimo vya leo ni kama KB 72. Picha moja tu unayotumiwa kwenye simu mara nyingi inazidi hapo.

Waltham ulikuwa mji wa mikono mizuri. Kiwanda cha pamba kilikuwepo tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na kiwanda cha saa kiliufanya mji ujulikane duniani. Raytheon ilichukua wanawake kutoka huko huko, waliozoea nyuzi na vyuma vidogo. Mashine iliyoongozwa na utepe wenye matundu ilisogeza mahali panapotakiwa, na mama akapitisha sindano. Inasogea tena, anapitisha tena. Maelfu kwa maelfu ya mara. Kukamilisha seti kulichukua wiki kadhaa, na kazi ilipimwa na kukaguliwa tena na tena kabla ya kumiminiwa plastiki na kufungwa moja kwa moja.

Hebu fikiria maana yake. Leo programu ikiwa na kosa, unaletewa toleo jipya usiku ukiwa umelala. Kipindi kile, kamba ikishafungwa imefungwa. Waandika programu walilazimika kumaliza kazi yao mapema kabisa kabla ya safari, kwa sababu sindano haiharakishwi. Na sindano ikienda ndani pale ilipotakiwa kwenda nje, kuna watu watatu wako maelfu ya kilomita kutoka nyumbani wanaitegemea.

Wahandisi waliipa kumbukumbu hiyo jina la utani, wakaiita kumbukumbu ya vibibi. Labda walikuwa wanatania kwa upendo. Ila pima mwenyewe: watu ambao kosa lao moja lingeweza kuharibu safari, jina walilopewa kwenye historia ni hilo.

Ikatokea nini angani? Wakati Apollo 11 inashuka, kompyuta ilizidiwa na kazi, ikapiga kengele ya hatari namba 1202. Ikajiwasha upya, ikaacha yasiyo ya lazima, ikaendelea na kutua, kwa maelekezo yaliyokuwa ndani ya kamba. Miezi minne baadaye, tarehe 14 Novemba 1969, Apollo 12 ilipigwa na radi mara mbili ndani ya dakika ya kwanza tu ya kuruka. Taa za hatari zikawaka, vipimo vikachanganyikiwa. Programu iliyoshonwa haikutikisika. Radi haiwezi kufumua ushonaji.

Margaret Hamilton, aliyeongoza kikosi cha programu za safari pale MIT, alikuja kupewa nishani ya juu ya raia wa Marekani mwaka 2016. Aliistahili kabisa. Ile picha yake akiwa amesimama pembeni ya lundo la karatasi za programu lenye urefu kama wake imezunguka dunia nzima. Lakini yaliyokuwa kwenye karatasi zile yasingefika popote bila kupita kwenye vidole vya mtu. Picha za wale akina mama zipo pia, wameinama na sindano zao. Chini ya nyingi kati ya picha hizo hakuna jina, imeandikwa tu mfanyakazi.

BAADA YA PETE

Oktoba 1970 kampuni ya Intel ilitoa chipu ya 1103, yenye biti 1,024, idadi ile ile ya Baby ya Manchester, ila hii unaishika kwa vidole viwili. Kufikia 1972 ilikuwa inaongoza kwa mauzo, na pete zikaanza kuondoka taratibu. Ungedhani mikono ya wanawake nayo ilipumzika. Wapi.

Chipu nazo zilihitaji kuunganishwa kwa nyaya nyembamba kuliko unywele, chini ya hadubini. Tangu 1965 kampuni ya Fairchild ilikuwa na kiwanda Shiprock, New Mexico, ndani ya ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani. Wafanyakazi walizidi 1,000, wengi mno wakiwa wanawake. Mwaka 1969 kampuni ilitoa kijitabu kilichoweka mchoro wa chipu sambamba na zulia la Kinavajo, kana kwamba akina mama wale walizaliwa wanajua kuunga sakiti. Ni wimbo ule ule wa vidole vyepesi. Mwaka 1975, baada ya watu kupunguzwa kazi na wanaharakati kukikalia kiwanda, kampuni ilikifunga ikaondoka.

Pete zenyewe zimeacha alama. Mpaka leo programu ikianguka kwenye kompyuta za familia ya Unix au Linux, faili la yaliyokuwa kwenye kumbukumbu bado linaitwa kwa jina la pete, ingawa wengi wanaolifungua hawajawahi kuiona pete hata moja. Chombo cha Challenger kilipolipuka Januari 1986, kompyuta zake zilizotumia pete zilitolewa chini ya bahari baada ya wiki kadhaa, na data zikasomeka.

Hata hapa nyumbani pete zilifika. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kumbukumbu yake ilikuwa ya pete za aina hii. Pesa za nchi changa zilihesabiwa kwenye vijipete vilivyotungwa na watu ambao hakuna aliyewahi kusikia majina yao.

HAKI YAO

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hakuna anayesema Forrester na Wang hawakuvumbua. Walivumbua, wakalipwa, wakaandikwa. Lakini wazo la pete lingebaki mchoro kwenye karatasi kama asingekuwepo mtu wa kukaa siku nzima anapitisha waya bila kukosea.

Na majina yao hayakuwa siri. Yalikuwepo kwenye daftari la mishahara kila mwisho wa wiki. Msimamizi alijua nani anakaa kiti kipi. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba kuna sababu ya kuyatunza. Ndiyo maana leo tuna namba ya kila hataza na tarehe yake, na kwa akina mama tuna machache mno: picha, mahojiano ya mmoja mmoja waliotafutwa wakiwa wazee, na lile jina la utani.

Mara nyingi tunagawa watu makundi mawili, wa akili na wa mikono, halafu tunampa sifa wa kwanza na kumwambia wa pili asante kwa subira yake. Kamba ya Apollo inavunja mgawanyo huo. Ile programu ilikuwa akili, na ile akili ilikuwa ushonaji wenyewe. Ukiufumua, programu haipo.

Kwa hiyo siku nyingine simu yako ikiandika kwamba nafasi imejaa, kumbuka kuna wakati nafasi ya biti moja ilikuwa pete moja, na kila pete kuna mama aliyeishika.

Je, kama wewe ndiye ungekuwa mwandishi wa historia, jina la nani lingetangulia: aliyechora au aliyeshona? Dondosha maoni yako hapo chini.